Parole: Kutoka Ahadi ya Mateka hadi Uamuzi wa Bodi

Parole ni utaratibu wa kisheria unaomruhusu mfungwa kumalizia sehemu ya kifungo chake nje ya gereza, kwa masharti na chini ya uangalizi. Unatofautiana sana na msamaha wa Rais, kwa kuwa msamaha waweza kuifuta adhabu yenyewe, ilhali aliye kwenye parole angali anatumikia kifungo, na akivunja masharti hurudishwa ndani.

Istilahi hii imetokana na neno la Kifaransa lenye maana ya kauli, na hapo awali ilihusu ahadi ambayo ofisa aliyetekwa vitani aliitoa kwa adui yake, kwamba akiachiwa hatashika tena silaha dhidi yake. Katika enzi ya Napoléon, maofisa wa Kifaransa waliotekwa na Waingereza waliishi katika miji midogo, wakiruhusiwa kutembea maili moja tu kutoka mjini, huku wengi wa askari wa kawaida, ambao kauli yao haikuhesabiwa kuwa na uzito, wakifungiwa magerezani na katika merikebu kuukuu. Heshima, kwa hiyo, ilikuwa na tabaka. Tena ahadi iliepusha gharama, kwani katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, Jenerali Grant wa upande wa Kaskazini alipouteka mji wa Vicksburg mwaka 1863 aliwaachia kwa ahadi karibu askari wote wapatao 29,000 wa majimbo ya Kusini, akikwepa mzigo wa kuwasafirisha na kuwalisha.

Miongoni mwa waliotekwa na Wafaransa katika enzi hiyo ya Napoléon alikuwamo Alexander Maconochie, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, ambaye baadaye, kati ya 1840 na 1844, alisimamia wafungwa wa kisiwa cha Norfolk, mashariki ya Australia. Maconochie alishikilia kwamba kifungo kipimwe kwa kazi na mwenendo badala ya miaka, akabuni alama ambazo mfungwa alizichuma hatua kwa hatua kuelekea uhuru. Aliondolewa kwa tuhuma za ulegevu, lakini Walter Crofton aliuendeleza mfumo huo nchini Ireland kuanzia 1854, akiongeza uangalizi baada ya kutoka, na gereza la Elmira, New York, likaufuata katika miaka ya 1870.

Tanzania ilitunga Sheria ya Bodi za Parole mwaka 1994. Humo kauli ya mfungwa haitoshi tena: bodi huchunguza mwenendo wake na kupendekeza, na amri hutolewa na Waziri.