Uso Uliokunjuka

Nilizaliwa Januari 13, na kama walivyofanya wazazi wengi Wakatoliki wa Kibosho, baba alitazama kalenda ya parokia iliyokuwa ukutani kabla ya kwenda kuniandikisha ubatizo. Ilikuwa siku ya Mtakatifu Hilari, askofu wa Poitiers. Nikaitwa Hilari.

Nilipokuwa kidato cha pili nililikuta jina langu kwenye kamusi ya Kiingereza, limeota mkia: hilarious, yaani chenye kuchekesha mno. Niliumia. Askofu mtakatifu na kuchekesha watu, wapi na wapi? Leo nafundisha Kiingereza, na swali lile sijaliacha.

Neno lilianzia kwa Wagiriki. Hilaros ni mchangamfu, na ndugu yake ni hilaos, walilosema juu ya mungu aliyetulizwa ghadhabu akawa radhi na watu. Warumi walilipokea wakasema hilaris, tena wakalipa sikukuu: Hilaria, Machi 25. Ilikuwa ya Cybele, mama wa miungu, ambaye Roma ilimleta kutoka Asia Ndogo mwaka 204 KK, Hannibal akiwa bado anaitesa Italia. Alifika akiwa jiwe jeusi. Machi 24 iliitwa siku ya damu. Makuhani wake walijikata wakimlilia Attis aliyekufa, mpenzi wa mungu huyo. Kesho yake kilio kiligeuka shangwe. Herodian, aliyeandika historia ya makaizari, anasema siku hiyo kila mtu aliruhusiwa kujigeuza atakavyo, hata kujifanya mkubwa wa serikali. Kwa hiyo furaha ya neno hili, tangu zamani, ilikuwa furaha ya watu waliotoka msibani.

Paulo naye alilitumia alipowaandikia Wakorintho habari za mchango, akimsifu mtu atoaye bila kunung'unika. Biblia yetu hapo imeweka ukunjufu, na mimi darasani hukaa sana kwenye neno hilo. Aliyekunja uso tunamjua. Ukikunjuka, tunauona kabla hajasema kitu, wala si lazima acheke. Sijui lugha nyingine iliyolipata neno la Paulo kwa karibu kiasi hiki.

Askofu wangu alihamishwa kwa nguvu na Kaizari Constantius II mwaka 356, katika mgogoro wa kanisa na wafuasi wa Arius. Alipelekwa Frigia, nchi ya Cybele mwenyewe! Mwenye jina la uchangamfu akaishi uhamishoni kule ilikotoka ibada ya Hilaria, na huko aliandika sehemu kubwa ya kitabu chake juu ya Utatu. Huko Uingereza siku yake ikawa alama ya mwaka: muhula wa Januari wa Chuo Kikuu cha Oxford, na wa mahakama pia, unaitwa Hilary mpaka leo.

Waingereza walianza na nomino, hilarity, kupitia Kifaransa. Sifa yenyewe ilichelewa hadi miaka ya 1820, na hapo kwanza ilimhusu mtu au kundi lililochangamka. Polepole ikamtoka mtu ikakihamia kitu: hadithi, filamu, kofia ya mjomba. Sasa ni sawa na letu la kuvunja mbavu. Wanafunzi huandika very hilarious, nami huwakatia hiyo very, maana neno limekwisha kujaa; anayetaka kulikazia aweke absolutely. Nikishawasahihisha huwarudisha kwa Paulo, kwa kuwa naona ni hasara wajue kicheko tu wasijue uso.

Baba aliyenichagulia jina hakujua Kigiriki. Namkumbuka Jumapili za msimu wa kahawa, ametoka kulipwa chama cha msingi, akienda mbele kwenye kikapu cha sadaka. Noti ameikunja kiganjani ili jirani asione ni ya shilingi ngapi, na uso umekunjuka.