Morone mweupe si sangara

Ukitafsiri jina white perch neno kwa neno utapata "sangara mweupe", na hapo utakuwa umempotosha msomaji. Sangara tunayemjua, Lates niloticus, ni pande la samaki wa Ziwa Victoria anayeweza kupita kilo 100. Huyu wa Marekani, Morone americana, kwa kawaida ana urefu wa sentimita 20 hivi, na hata nusu kilo ni wachache wanaoifikisha. Hawana ukoo mmoja. Wala Waingereza waliomwita perch hawakupatia: perch wa kweli ni wa jamii ya Percidae, huyu ni wa Moronidae. Sioni kwa nini Kiswahili kirithi kosa hilo.

Napendekeza tuchukue jina la kisayansi na kumwita morone mweupe. Ndugu yake mkubwa, Morone saxatilis, ana mistari myeusi inayotoka shavuni hadi mkiani. Huyo na awe morone milia, kwa namna tunavyosema punda milia. Morone chrysops wa maziwani naye ana mistari, basi ni morone milia mdogo. Weupe wa samaki wetu utamaanisha ubavu usio na milia, na hiyo ndiyo alama ambayo mvuvi huitazama kwanza.

Alama hiyo peke yake haitoshi, maana wachanga wake huweza kuwa na mistari hafifu. Kwa hiyo tazama mapezi. Morone wote wana mapezi mawili mgongoni. Ya morone mweupe yameungana kwa utando mwembamba: ukiinua la mbele kwa kidole, la nyuma nalo huinuka. Ya morone milia yameachana. Kisha geuza samaki uangalie pezi la chini, lililo nyuma ya tumbo. Lina miiba mitatu. Kwa morone mweupe, wa pili na wa tatu karibu inalingana. Kwa morone milia miiba hupandana urefu kama vipandio vya ngazi. Umbo nalo husema: morone mweupe ana mgongo ulioinuka, na mwili wake ni mpana zaidi pale pezi la kwanza linapoanzia.

Kwao ni mwambao wa Atlantiki, kutoka Nova Scotia hadi South Carolina, na Ghuba ya Chesapeake imejaa hao. Majira ya baridi hukaa kwenye vina vya midomo ya mito. Masika ya huko yanapofika hupanda mtoni hadi maji baridi yasiyo na chumvi, ambayo bado hujaa na kupwa, wakatage mayai. Mshipi wenye chubwi na ndoana ndogo mbili, chambo uduvi au minyoo ya baharini, unatosha. Tafuta nguzo za madaraja na miamba ya chaza. Aliyevua pwani yetu hatahitaji kufundishwa lililobaki: samaki hula maji yakitembea, yawe ya kujaa au ya kupwa, na yakisimama ndoana nazo hutulia.

Anaishi pia maziwani bila kuiona bahari. Kupitia mifereji aliingia Ziwa Ontario, na katika miaka ya 1950 akafika Ziwa Erie. Huko ni mvamizi: hula mayai ya samaki wengine na amezaana na morone milia mdogo, hata machotara wao huwatatiza wavuvi wazoefu.

Wasemaji wa Kiswahili wanaovua Maryland wana sababu ya kulishika jambo hili. Sheria za huko zinaweka mipaka ya urefu kwa morone milia, na mtoto wake hufanana sana na morone mweupe. Kabla ya kumtia samaki ndooni, inua pezi lake la mgongo. Ukibaki na shaka, mrudishe majini angali hai.