Unene na Lawama

Ilidhaniwa kwa karne nyingi kwamba unene ni matokeo ya ulafi, na mtu mnene alihukumiwa kabla hajaulizwa alichokula. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, twasema. Katika tabia yamkini ni kweli. Kuhusu mwili, Albert Stunkard, tabibu wa Marekani, na wenzake walitafuta jibu Denmark, nchi iliyohifadhi daftari za watoto waliolelewa na wasiowazaa. Mwaka 1986 walitangaza habari za watu wazima 540 wa namna hiyo. Kama chakula cha nyumbani ndicho kiumbacho mwili, watu hao wangalifanana na walezi waliokula nao tangu utotoni. Hawakufanana nao. Walifuata wazazi waliowazaa, na si wanene tu: wembamba nao walifuata asili yao.

Haikusemwa kwamba chakula si kitu. Njaa hukondesha kila mtu. Lakini mwaka 1994 iligunduliwa jeni ya leptini, homoni itokayo katika mafuta ya mwili na kuupasha ubongo habari za akiba iliyopo. Aliyezaliwa bila homoni hiyo huona njaa hata sahani ikiwa imekwisha kuondolewa.