Udongo wenye mwenyewe: mashamba yetu na madini tangu 1885



Wengi wetu tulirudi kwa meli kutoka Kigoma kuanzia mwaka wa 2005, tukashukia Baraka na vyombo kichwani. Kila mtu alikuwa na picha ya shamba lake ndani ya roho. Mama mmoja wa shirika letu alifika kwenye shamba lake la mihogo akakuta mashimo ya dhahabu na vijana wanaosafisha mchanga. Alipouliza, walimjibu kwa heshima tu: "Mama, hapa hakukuwa mutu. Chef ndiye alitupatia."

Hakukuwa mtu. Tumelisikia neno hilo mara nyingi katika kazi yetu, mpaka tukataka kujua lilianza wapi. Liko na umri kupita wazee wetu wote.

Tarehe 1 Julai 1885, serikali ya mfalme Leopold II, ile ambayo babu zetu waliiita Bula Matari, iliamuru kwamba udongo wote usiokaliwa na mtu ni mali ya Etat. Ni nani aliamua kama udongo unakaliwa ao haukaliwi? Ni Etat yenyewe. Lakini kwetu mtu analima miaka michache, halafu anaacha shamba lilale ili lipate nguvu. Kuna pori la kuwinda, la dawa, la kuni. Mbele ya macho ya Mzungu shamba lililolala lilikuwa pori bila mwenyewe. Amri ya 1906 ilikubali kwamba udongo wa wenyeji ni ule wanaoukaa, wanaoulima ao wanaoutumia kwa desturi yao, lakini bado aliyepima alikuwa mgeni.

Ni juu ya msingi huo kompanyi ziliingia. Mwaka wa 1928 Wabelgiji waliunda Comité National du Kivu, chombo kilichopewa uwezo wa kugawa udongo mkubwa sana wa Kivu. Kompanyi ya Minière des Grands Lacs ilichimba dhahabu Kamituga. Mwenye kilima alipata kazi ya kusukuma toroli, kama alipata kitu.

Uhuru ulibadilisha jina la mwenye mali, haukubadilisha sana mahali pa mkulima. Sheria ya Bakajika, tarehe 7 Juni 1966, ilirudisha mikononi mwa serikali ya Kongo udongo, misitu na madini yaliyogawanywa na wakoloni. Watu walishangilia, na walikuwa na haki. Halafu ikaja sheria ya tarehe 20 Julai 1973: udongo wote ni mali ya Etat, pamoja na ule wa desturi. Kifungu cha 389 kiliahidi kwamba haki za watu juu ya mashamba ya desturi zitapangwa na amri ya Rais. Miaka makumi ilipita, amri ile haikutoka. Ndiyo maana mpaka leo mkulima ako na shamba la babu yake, analilima, analirithisha, na bado hana karatasi.

Upande wa madini, mwaka wa 1976 kompanyi mbalimbali za Kivu na Maniema ziliunganishwa kuwa SOMINKI. Mwaka wa 1982 Mobutu aliruhusu raia kuchimba dhahabu na almasi kwa mikono. Mwaka wa 1985 bei ya bati ilianguka duniani, SOMINKI ikaanza kudhoofika, na mwaka wa 1997 ikafungwa. Vijana wengi walishika sururu. Wakati huo vita ya 1996 ilikuwa imeshatufukuza. Sisi tulikuwa Nyarugusu na Lugufu tukipanga foleni ya unga. Huku nyumbani mashamba yetu "hayakuwa na mtu".

Sasa tufike kwenye sheria ya leo, kwa sababu hapa ndipo wanachama wengi wanakata tamaa mbele ya wakati. Code minier ya 2002, iliyorekebishwa mwaka wa 2018, inasema madini yaliyo chini ni ya Etat. Ni kweli. Lakini haisemi kwamba mwenye kibali anaweza kufukuza mwenye shamba bure. Kifungu cha 281 kinamlazimisha alipe: kodi ya udongo, ao thamani yake pamoja na nusu juu. Na udongo unaozungumziwa ni ule ambao watu wametumia haki yao siku zote, ao wanaoitumia sasa. Kifungu cha 279 kinakataza kuchukua, bila mwenyewe kukubali, udongo ulio karibu kuliko mita 180 na nyumba, hata nyumba ambayo kwa muda haina watu ndani. Tusome tena maneno hayo: ambayo kwa muda haina watu. Ni kama aliyeandika alifikiri mtu aliyekimbia.

Marekebisho ya 2018 yaliongeza mengine. Kompanyi inapaswa kutoa angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji, na kuandikiana nao cahier des charges. Tena 15% ya redevance ya madini inaenda kwa sekta, sheferi ao komini ambamo mgodi uko.

Tuseme ukweli pia juu yetu wenyewe. Sheria hii inafunga kompanyi yenye kibali. Kijana mwenye sururu hana kibali, hana ofisi, na mara nyingi hata yeye ni mkimbizi wa ndani. Kesi nyingi tunazopokea ni za namna hiyo, na pale dawa ni mazungumzo: fungu la mwenye shamba, kufukia mashimo, kuacha mahali pa makaburi. Na chef aliyetoa ruhusa si mwizi kila mara. Wakati wa vita watu waliobaki walihitaji kula, na yeye ndiye aliyekuwapo. Kosa linaanza pale mtu mmoja anapotia sahihi kwa niaba ya wote, halafu mjane na mtoto aliyekuwa kambini hawaulizwi. Kompanyi inayosema "tumelipa chef" haijamaliza deni lake. Hata shirika letu lina kosa: kwa muda mrefu tuliandika mashamba kwa jina la wanaume tu, na mama tuliyeanza naye alikosa kwenye daftari letu la kwanza.

Kwa hiyo, kwa wafadhili wanaotuuliza kwa nini tunaomba pesa za madaftari na vipimo kuliko mbegu, jibu ni historia hii. Toka 1885 mkulima amepoteza kila mara ilipoulizwa "nani yuko hapa?" na yeye hakuwepo kujibu. Tunataka jibu liwe limeandikwa kabla ya swali: jina la mwenye shamba, mke na mume, mipaka, majirani wanne kama mashahidi, mahali pa makaburi, na sahihi ya chef mbele ya watu. Daftari si titre foncier, tusidanganyane. Lakini ni ushahidi, na mtu mwenye ushahidi anaongea tofauti.

Yule mama, baada ya vikao vitatu, anapokea fungu lake na nusu ya shamba imefukiwa. Mwaka huu amepanda mihogo. Nusu nyingine tungali tunaizungumzia.

Mwanachama ambaye shamba lake halijaandikwa, aje kwenye kikao kijacho na jirani mmoja anayelijua.