Kukomaza tangi la samaki

Kukomaza tangi la samaki ni kazi ya kuandaa tangi jipya la maji baridi mpaka bakteria wanaobadili sumu itokayo kwa samaki wawe wamezaliana humo kwa wingi wa kutosha. Kwa kawaida kazi hiyo huchukua wiki 3 hadi 6, na inafaa ifanyike kabla ya samaki kununuliwa. Hatua hii ikirukwa, mambo huenda kwa namna moja karibu kila mara. Maji huonekana safi na samaki hula vizuri kwa siku chache. Kisha huanza kuhema juu ya maji na kufa mmoja mmoja. Mara nyingi lawama humwendea muuzaji au hudhaniwa kuna ugonjwa, kumbe samaki wameuawa na sumu waliyoitoa wenyewe.

Amonia

Samaki hutoa amonia (NH3) hasa kupitia matamvua. Nyingine hutokana na kuoza kwa kinyesi, mabaki ya chakula na majani yaliyokufa. Ziwani au mtoni amonia hiyo huchanganyika na maji mengi mno. Katika tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 36, ambalo likijaa kabisa lina lita 65 hivi, haina pa kwenda. Amonia haina rangi, na kwa viwango vinavyodhuru samaki pua ya mtu haiwezi kuinusa. Kwa hiyo macho hayatoshi. Vinahitajika vipimo vya matone au vya karatasi vinavyobadilika rangi.

Ndani ya maji amonia huwa katika hali mbili: amonia yenyewe, ambayo ni sumu kali, na ioni ya amoniamu (NH4+), ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Uwiano wa hali hizo hutegemea joto na pH. Katika nyuzi 25 za Selsiasi, maji yenye pH 7 huwa na chini ya asilimia 1 katika hali ya sumu. Kwa pH 8 ni asilimia 5 hivi, na kwa pH 9 hufikia takriban asilimia 36. Yaani kiasi kilekile cha uchafu ambacho samaki wa tangi moja wanakivumilia kinaweza kuua samaki wote wa tangi la jirani.

Jambo hili linawagusa hasa wanaofuga samaki wa Ziwa Tanganyika. Samaki wadogo wa ziwa hilo walio katika familia ya Cichlidae, ambao ni jamaa ya perege na sato, hufugwa na kupendwa katika nchi nyingi duniani. Maji ya ziwa lao yana pH ya karibu 9, na wafugaji huyaiga. Samaki wenyewe wameumbwa kwa maji ya namna hiyo, lakini maji ya ziwa hayana amonia nyingi. Kuwaweka katika tangi lisilokomaa ni hatari kuliko kuweka gapi katika maji ya pH 7.

Bakteria

Mwaka 1877 Wafaransa Théophile Schloesing na Achille Müntz walipitisha maji machafu polepole katika bomba lililojaa mchanga na chokaa. Kwa muda wa siku 20 hivi amonia ilitoka kama ilivyoingia. Baadaye ikaanza kutoka ikiwa nitrati. Walipoingiza mvuke wa klorofomu, kazi ilisimama. Hapo ilidhihirika kwamba mabadiliko hayo yanafanywa na viumbe hai. Jaribio hilo, pamoja na zile siku 20 za kungoja, ni lilelile linalorudiwa katika kila tangi jipya. Kuanzia mwaka 1890 Sergei Winogradsky, Mrusi aliyekuwa akifanya kazi Zürich, Uswisi, alichapisha matokeo yake ya kuwatenga bakteria wenyewe.

Kazi hufanyika kwa hatua mbili. Kundi la kwanza, ambamo mna jenasi Nitrosomonas, hugeuza amonia kuwa nitriti (NO2-). Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati (NO3-). Vitabu vingi bado hutaja Nitrobacter katika hatua ya pili, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba katika matangi ya maji baridi wanaofanya kazi hiyo hasa ni Nitrospira. Mwaka 2015 ikagunduliwa kwamba baadhi ya Nitrospira wanaweza kufanya hatua zote mbili peke yao.

Nitriti nayo ni sumu. Hupita katika matamvua, huingia kwenye damu na kuifanya ishindwe kubeba oksijeni. Damu hugeuka rangi ya hudhurungi na samaki hukosa pumzi hata kama maji yana hewa ya kutosha. Kloridi huzuia nitriti isiingie mwilini, na ndiyo sababu wafugaji huweka chumvi kidogo, kama gramu 1 kwa lita 10, wakati wa dharura. Nitrati ina madhara madogo, nayo huondolewa kwa kubadilisha sehemu ya maji.

Bakteria hawa huongezeka polepole. Bakteria wa kawaida wa maabara hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi wakiwa na chakula cha kutosha. Hawa huhitaji saa nyingi, pengine siku nzima. Tena hawaelei majini bali hushikamana na sifongo ya chujio, changarawe na kioo. Kwa hiyo kubadilisha maji hakuwaondoi, ila kuosha sifongo kwa maji ya bomba yenye klorini huweza kuwaua. Sifongo husuuzwa ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa kwenye tangi, na haikamuliwi mpaka ing'ae.

Utaratibu wa kukomaza bila samaki

Tangi huwekwa juu ya meza imara (maji ya lita 60 peke yake ni kilo 60), likatiwa changarawe iliyooshwa, maji na chujio linalofanya kazi mchana na usiku. Maji ya bomba yenye klorini huachwa wazi siku nzima, au hutiwa dawa ya kuondoa klorini. Mahali ambapo mamlaka ya maji hutumia kloramini, kuyaacha wazi hakutoshi, kwa kuwa kloramini haipotei upesi. Dawa ni lazima.

Kisha bakteria hulishwa. Njia yenye vipimo ni kutia amonia mpaka ifike miligramu 2 kwa lita. Kloridi ya amoniamu inayopatikana katika maabara za shule inafaa: gramu 0.36 zinatosha lita 60. Asiyekuwa nayo hutumia chembe za chakula cha samaki au kipande cha kamba kilichoachwa kioze, ingawa hapo kiasi hakijulikani na harufu huwachosha wenye nyumba.

Kwa wiki ya kwanza au zaidi amonia hubaki juu. Halafu huanza kushuka huku nitriti ikipanda, na wengi hukata tamaa hapa, kwa sababu nitriti huweza kukaa juu muda mrefu kuliko amonia. Mwishowe nayo hushuka na nitrati huonekana. Tangi limekomaa pale ambapo amonia ya miligramu 2 kwa lita ikitiwa leo, kesho muda kama huo amonia na nitriti zote zinasoma sifuri. Sehemu kubwa ya maji hubadilishwa ili kupunguza nitrati, kisha samaki huletwa. Wakicheleweshwa, bakteria waendelee kulishwa.

Ukungu mweupe unaojitokeza siku za mwanzo ni bakteria wa aina nyingine wanaokula mabaki. Huisha wenyewe, na kutoweka kwake si dalili kwamba tangi limekomaa.

Muda hufupishwa sana kwa kuhamisha sifongo au changarawe kutoka tangi la zamani lenye samaki wazima. Hakuna njia ya mkato iliyo bora kuliko hiyo, mradi tangi hilo halina ugonjwa. Mimea nayo husaidia, kwa kuwa hunyonya amoniamu. Robert Warington, mkemia wa London, alieleza mwaka 1850 jinsi mmea, konokono na samaki-dhahabu wawili walivyoishi pamoja katika chombo kimoja. Bakteria hakuwataja, maana walikuwa hawajajulikana, ila bila shaka walikuwamo.

Samaki wakiwa tayari ndani

Aliyekwisha kununua samaki hana budi kukomaza tangi wakiwamo. Awabakize wachache, awalishe kidogo mara moja kwa siku, apime kila siku, na abadilishe robo hadi nusu ya maji kila amonia au nitriti inapofika miligramu 0.5 kwa lita. Kwa maji ya pH 8 na zaidi asingoje kiwango hicho. Samaki-dhahabu hawafai kwa kazi hii, kwani hukua sana na kuchafua maji mengi.

Joto, hewa na umeme

Bakteria hawa hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 25 na 30. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam na Mombasa maji hufikia joto hilo bila kifaa, lakini katika nyanda za juu zenye usiku wa baridi, bila kipasha maji muda wa kungoja hurefuka. Huhitaji pia oksijeni nyingi: kila miligramu 1 ya nitrojeni ya amonia hutumia miligramu 4.6 hivi za oksijeni. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, bakteria waliomo ndani ya chujio lililofungwa huanza kufa. Sifongo itolewe na kuelea ndani ya tangi lenyewe. Pampu ndogo ya hewa ya betri ni msaada mkubwa.

Maji yasiyo na chokaa, kama ya mvua, yana shida nyingine. Kazi ya bakteria huzalisha asidi, pH hushuka, na ikikaribia 6 bakteria karibu husimama. Amonia hurundikana ikiwa katika hali ya amoniamu, na samaki hawaonyeshi dalili. Siku mwenye tangi anapobadilisha maji mengi kwa maji ya kisima yenye pH 8, amoniamu hiyo hugeuka amonia na samaki walioishi mwaka mzima wanaweza kufa kabla ya jioni. Tangi la namna hiyo hubadilishwa maji kidogo kidogo kwa siku kadhaa, na kipande cha matumbawe au cha jiwe la chokaa ndani ya chujio huzuia pH isishuke tena.