Kahawa ya Wachaga na Haki ya Kuipanda

Wako watu wadhanio kwamba kahawa ni mmea wa asili wa Kilimanjaro, kwa jinsi ilivyozoeana na migomba. Sivyo. Kwao arabika ni misitu ya Uhabeshi, ikavuka bahari hata Yemen. Katika karne ya 18 Wafaransa waliipanda katika kisiwa cha Bourbon, kiitwacho leo Réunion. Mwishowe mapadre wa Roho Mtakatifu wakaipanda Kilema, yapata mwaka 1898.

Wachaga waliiona, wakaipanda vihambani mwao chini ya migomba. Hapo ndipo akili yao ilipoonekana, maana hawakung'oa chakula ili wapate fedha. Mgomba uliupa mbuni kivuli, ng'ombe wa zizini akatoa samadi, na mifongo iliyochimbwa na mababu ikaleta maji wakati wa kiangazi. (Mwenye kuidharau mifongo ile na aende akaitazame, jinsi inavyopita ubavuni mwa mlima kwa mteremko mdogo sana.)

Lakini walowezi hawakupendezwa. Walisema kwamba vishamba vya wenyeji vitaeneza magonjwa na wadudu hata katika mashamba yao makubwa. Neno hilo lilikuwa na sura ya hekima, nasi hatukatai kwamba mbuni usiotunzwa huambukiza wa jirani. Ila nyuma yake lilikuwako jingine, kwamba mtu mwenye kahawa yake mwenyewe haendi upesi kuwa kibarua katika kahawa ya mwenzake. Huko Kenya wenyeji walizuiwa miaka ile wasipande arabika.

Basi mwaka 1925 Wachaga wakaunda chama cha wakulima, Joseph Merinyo akiwa kiongozi wao. Chama kilinunua dawa na bomba za kuinyunyizia, kikaiuza kahawa ya wanachama kwa pamoja. Hivyo hoja ya magonjwa ilijibiwa kwa kazi. Mwaka 1933 mahali pake pakashikwa na KNCU, muungano wa vyama vya ushirika.

Ajabu ni kwamba chombo kilichozaliwa katika kutetea haki kilikuja kulalamikiwa nacho. Amri ya mwaka 1934 iliwalazimu Wachaga wauze kahawa yao kwa KNCU tu. Malipo yakawa madogo, na shaka ikaingia mioyoni. Mwaka 1937 watu wakaondoka kwa ghasia juu ya chama. Mtu aliyechuma buni nyekundu moja moja, akaimenya, akaichachusha, akaiosha, akaianika na kuigeuza juani siku nyingi, alitaka kujua fedha yake imekwenda wapi. Sisi hatuwezi kumlaumu kwa kuuliza.

Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, vikarudishwa katika miaka ya 1980. Mwaka 1989 mapatano ya mataifa juu ya kahawa yakavunjika, bei ikaanguka. Wakulima wengine waliiacha mibuni izeeke, wengine wakaing'oa wapande mahindi au mboga. Migomba waliibakiza.