Amani ya Nani? Tusome Sarafu za Shaba za Roma

Katika uhakiki wa fasihi tumezoea kuuliza: nani anasema, na anamwambia nani? Maswali hayo yanafaa pia kwa sarafu. Katika Roma ya kale, sarafu za shaba ndizo zilizopita mikononi mwa watu wa kawaida sokoni. Kwa hiyo picha zilizochorwa juu yake zilikuwa ujumbe wa mtawala kwa raia.

Tuanze na Nero. Katikati ya miaka ya 60 B.K. zilitolewa sarafu zenye picha ya hekalu la mungu Janus, milango yake ikiwa imefungwa. Kwa desturi ya Warumi, milango hiyo iliachwa wazi wakati wa vita na kufungwa wakati wa amani. Maandishi yaliyoizunguka picha yalitangaza kuwa amani imepatikana nchi kavu na baharini. Lakini mwaka 66 Wayahudi waliasi.

Waliotumwa kuuzima uasi huo ni Vespasian na mwanawe Titus. Yerusalemu iliangamizwa mwaka 70. Mwaka uliofuata, Vespasian akiwa Kaisari, zilitoka sarafu za sura mbili. Moja ina mungu wa kike wa amani, ameshika tawi la mzeituni na pembe iliyojaa matunda, na maneno PAX AVGVSTI. Nyingine ina mwanamke wa Kiyahudi ameketi chini ya mtende akiomboleza, na maneno IVDAEA CAPTA, yaani Yudea imetekwa.

Sisi walimu wa lugha tuna la kuongeza hapa. PAX AVGVSTI tunaweza kuitafsiri 'amani ya Augusto', jina lililogeuka cheo cha makaisari. Je, hiyo 'ya' ni ya umiliki, au ni ya chanzo, yaani amani iletwayo na Kaisari? A-unganifu yetu inabeba maana zote mbili, kama Kilatini. Aidha, 'pax' ina uhusiano na kitenzi cha kufanya mapatano, ilhali 'amani' yetu, iliyotoka Kiarabu, inabeba maana ya usalama. Mwanamke wa chini ya mtende hakupata mapatano wala usalama.

Mwaka 75 Vespasian alizindua Hekalu la Amani mjini Roma. Ndani yake viliwekwa vyombo vilivyotekwa katika Hekalu la Yerusalemu. Basi wanafunzi wetu wakikutana na neno 'amani' katika matini yoyote, wasiridhike na kamusi. Waulize pia ni ya nani.